Hali Namba Nne Haina Jina

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, wafanyakazi wa kiwanda cha sufuria walikuwa wamepanga mstari mbele ya geti la kuzunguka. Geti lenyewe lilikuwa na mbawa nne za nondo zilizoshikana kwenye mhimili mmoja. Mtu anagusisha kadi, taa inawaka kijani, anaingia katikati ya mbawa mbili, anasukuma, geti linamtema upande wa pili. Juu yake kulikuwa na ubao wenye maandishi mekundu: SIKU 411 BILA AJALI. Aliyevaa shati lisilopigwa pasi alitaniwa hapo, aliyechelewa jana aliulizwa kama kitanda chake kimepona, na mlinzi alimjibu kila aliyemsalimia kwa neno moja tu, "Pita," kana kwamba mengine amewaachia watoto nyumbani.

Nyuma ya kioo, kwenye chumba kidogo pembeni ya geti, alikaa Nukta. Jina hilo alipewa wiki yake ya kwanza kazini, alipotafuta kwa siku mbili alama moja ya nukta na mkato iliyokosekana mwishoni mwa mstari wa programu, akaipata, akapiga kelele kama aliyefunga goli. Programu ya geti aliiandika yeye, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C.

"Mpwa," mjomba wake alimwita kupitia tundu la kioo, kadi mkononi. "Hiyo kompyuta yako imeniruhusu?"

"Imekuruhusu, Mjomba. Imesema ila tumbo libaki nje."

"Iambie tumbo ndilo linalofanya kazi. Mimi nalisindikiza."

Kiwandani walimwita Mfuniko, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa alikuwa anagonga mifuniko ya sufuria kwenye presi namba tatu, mashine ya kukandamiza bati. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Ndiye aliyemlea Nukta tangu darasa la pili, akamfundisha kuendesha baiskeli na kujibu watu.

Kila kadi ya mfanyakazi ilikuwa na hali yake. Hali zilikuwa sita, na Nukta alizitaja kwenye programu kwa mpangilio huu: NJE, NDANI, LIKIZO, MGONJWA, AMEUMIA, AMESTAAFU. Katika C, orodha ya namna hiyo ni kwa faida ya binadamu. Jina la kwanza linapewa sifuri, la pili moja, la tatu mbili, na kuendelea mpaka majina yaishe. Anayesoma programu anaona NDANI. Mashine inabeba moja. Na wala C haijisumbui kuuliza kama namba iliyobebwa ina jina. Ukiipa kadi hali namba tisini na saba, itaibeba hiyo tisini na saba kimya kimya, kama mpagazi asiyetaka kujua gunia lina nini.

Wiki mbili nyuma Meneja alikuwa ameingia kwenye chumba cha Nukta na kusimama nyuma ya kiti chake. Meneja alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Hakuwahi kumgombeza mtu, na ndiyo maana watu walimwogopa. Aliweka kidole kwenye skrini.

"Hili neno AMEUMIA linafanya nini hapa?"

"Ni hali, bosi. Mtu akiumia, mashine yake inatuma namba nne kwenye kadi yake. Geti linaachia wazi, hospitali inapigiwa, na ubao unarudi sifuri."

"Na kama neno halipo?"

"Basi hali hiyo haipo."

"Vizuri," alisema Meneja. "Siku ya mia tano tutakuwa na wageni. Liondoe."

Nukta angeweza kukataa. Alilifikiria jambo hilo kwa muda wa kunywa nusu glasi ya maji, kisha akalifuta neno pamoja na maelekezo yake yote. Alikuwa mwangalifu sana. Aliona kwamba orodha ikipungua jina moja, AMESTAAFU lingeteleza kutoka tano kuja nne, na wastaafu wote wa kiwanda, ambao kadi zao zilishaandikwa tano, wangebaki wananing'inia. Kwa hiyo akaandika waziwazi: AMESTAAFU = 5. Alijisikia fundi. Kompaila, ile programu inayosoma maandishi ya mtu na kuyageuza yawe kitu ambacho mashine inaelewa, ilipita mstari kwa mstari. Haikutoa kosa. Haikutoa hata onyo. Meneja akaweka kidole gumba kwenye kifaa cha mezani, kwa kuwa hakuna programu mpya iliyoingia getini bila alama ya kidole chake, na kazi ikaisha.

Hakuna aliyezikumbuka presi.

Siku hiyo ya mia nne na kumi na moja, saa tisa na dakika ishirini mchana, presi namba tatu ilishuka kabla ya wakati wake na kuukuta mkono wa kushoto wa Mfuniko bado unanyoosha bati. Ilichukua vidole viwili, cha mwisho na jirani yake, ikapasua kiganja mpaka karibu na kifundo. Kisha ikasimama yenyewe. Kisanduku cha taarifa kilicho ubavuni mwake kikatuma namba nne kwenye kadi ya Mfuniko, kama kilivyofundishwa na watu waliokitengeneza zamani, ambao hawakuwahi kukutana na Meneja.

Mfuniko alivua aproni, akaufunga mkono, akamwambia mwenzake wa presi ya nne aiangalie mifuniko iliyobaki, akatembea mwenyewe hadi getini. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara. Ukisimama hapo unaona dirisha la mapokezi na mtu anayepiga miayo ndani yake. Aligusisha kadi. Taa haikuwaka kijani wala nyekundu. Akaingia katikati ya mbawa mbili, akasukuma, geti likazunguka, akatembea.

Baada ya hatua kama arobaini mlinzi aliinua kichwa.

"Mzee Mfuniko, mbona unazunguka?"

"Sizunguki. Natoka."

"Hujatoka."

"Ndiyo na mimi naona."

Alijaribu kurudi nyuma, ikawa vilevile. Mlinzi akamshika mkono mzima na kuvuta. Mkono ulikuja, bega likaja, na kati ya bega na mlinzi pakawa na ubawa mwingine wa geti. Akaitwa fundi wa kuchomelea. Alikata ubawa mmoja kwa grenda, ukaanguka kwa kishindo. Wakahesabu zilizobaki: nne. Akakata mwingine. Nne. Alipomaliza wa saba diski ya grenda iliisha, akaomba radhi, akaziegemeza zile mbawa saba ukutani kwa mpangilio mzuri, maana alikuwa mtu wa usafi.

Nesi wa kiwanda alikuja mbio na sanduku lake. Alipitisha mikono kati ya nondo, akafungua aproni, akaangalia, akafunga tena kwa nguvu juu ya kifundo.

"Vidole tuviache, vimeshaenda," alisema. "Shida ni huu mshipa. Hapa nimekaba tu. Saa kumi na mbili akiwa bado humu, msiniite tena mimi."

"Nesi, niko hapa, nasikia," alisema Mfuniko.

"Ndiyo usikie. Na uache kutembea, unajimaliza."

Mfuniko akasimama. Geti liliendelea kuzunguka polepole bila yeye kulisukuma.

Nukta alikuwa mbele ya skrini tangu kelele ya kwanza. Alitafuta kadi ya mjomba wake. Hali: 4. Mahali pa jina palikuwa patupu. Hakuhitaji kutafuta zaidi. Geti lilikuwa na maelekezo ya mtu wa sifuri, wa moja, wa mbili, wa tatu na wa tano. Kwa mtu wa nne halikuwa limeambiwa kitu, kwa hiyo halikufanya kitu, na liliendelea kutokifanya kwa bidii yote.

Kuandika neno upya ilikuwa kazi ya dakika mbili. Aliliandika, pamoja na maelekezo yake. Kompaila ikapita, kimya kama siku ile. Kilichobaki ni kidole cha Meneja, na Meneja alikuwa mjini, anarudi. Lakini kubadilisha namba ya kadi moja Nukta aliruhusiwa mwenyewe. Akafuta nne, akaandika sifuri. NJE.

Mjomba akatoweka getini. Kipande kile cha geti, kati ya mbawa mbili, kikabaki na tone la damu, na mlinzi akasema, "Haya, katoka."

Simu ya Nukta ikalia. Alikuwa mke wa mjomba.

"Mwanangu, mjomba wako kaja sasa hivi. Kasimama mlangoni anafunga mkanda kama asubuhi, damu inachuruzika mpaka kwenye kizingiti. Nimemwambia kaa nilete kitambaa. Nageuka, hayupo! Yuko wapi?"

Nukta alitazama nje. Mjomba wake alikuwa amesimama katikati ya mbawa mbili.

"Yuko huku, mama."

"Mwambieni basi akae sehemu moja!"

Kwenye skrini ilikuwa imerudi nne. Presi namba tatu ilikuwa inatuma tena taarifa yake kila baada ya dakika tano, mpaka geti lijibu kwamba limeipokea. Nukta akapiga simu ndani wazime umeme wa presi. Wakauzima. Kisanduku kilikuwa na betri yake. Kilitengenezwa na watu walioamini kwamba mtu akiumia lazima isemwe.

Na nyumbani kwa mjomba mpaka hospitali yoyote ni saa nzima kwa gari.

Akajaribu moja, NDANI. Mfuniko akaonekana presini, ameshika bati kwa mkono uliobaki, anatafuta swichi. Jirani yake alimshika kiuno dakika zote tano ili asianze kazi.

Saa kumi zamu iliisha. Wafanyakazi mia mbili walitoka kupitia geti lile lile, mmoja mmoja, katika kipande kile kile alichokuwemo Mfuniko.

"Samahani, mzee."

"Pita tu."

"Pole na mkono, Mfuniko."

"Nimeshapoa. Pita, utachelewa gari."

Waliofika nyumbani waliona mashati yao yana damu kwenye mkono wa kulia, wakayaloweka.

Meneja alifika saa kumi na nusu. Alitazama geti, akatazama zile mbawa saba ukutani, akaingia kwenye chumba cha kioo na kufunga mlango bila kuubamiza.

"Amekwama muda gani?"

"Zaidi ya saa moja, bosi. Nimeshalirudisha neno. Naomba kidole chako hapa tu." Nukta alisukuma kile kifaa kuelekea kwake.

Meneja aliweka mikono yake nyuma.

"Nikiweka kidole, ubao unarudi sifuri."

"Ndiyo."

"Wageni watakuja wakute sifuri. Unajua wanakuja kuamua nini? Kama kiwanda kiendelee au kifungwe. Watu mia mbili, Nukta. Wewe unaniomba mia mbili kwa mmoja."

"Nakuomba kidole."

"Kuna majina mengine," alisema Meneja kwa upole. "Mpe likizo. Si mtu wa likizo anatoka tu?"

Nukta aliandika mbili kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa inatembea. Geti likamwachia Mfuniko kwa hatua moja. Alitoka ameinua kidevu, anapiga mluzi. Wabeba machela wawili kutoka hospitali walikuwa wanangoja barabarani tangu saa kumi; walimtazama, wakaona mtu aliye likizo, wakampisha. Nesi alikimbia nyuma yake akipiga kelele, "Mkono! Angalieni mkono!" Mbeba machela mmoja akauangalia, akasema una rangi nzuri. Mfuniko alifika dukani kwenye kona, akaagiza soda, akaipokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukidondosha damu kwenye sakafu ya duka, na muuza duka akamuuliza anapanga kwenda kupumzikia wapi.

Dakika tano zikaisha. Akarudi getini na soda yake.

"Angalau hii imekuja," alisema. Alikuwa amebadilika rangi, midomo imekuwa ya majivu. Alikunywa kidogo, akampa mlinzi chupa amshikie.

"Basi mgonjwa," alisema Meneja. "Mgonjwa ni neno la heshima kabisa."

Tatu. Geti likamtema Mfuniko upande wa ndani, kwenye mlango wa chumba cha Nesi, kama wagonjwa wote. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, jasho linamtoka. Nesi akamlaza. Akanyoosha mkono kufungua aproni, mkono ukaenda kwenye paji la uso. Akajaribu tena, ukaenda pale pale. Akajikuta anampa kipimajoto.

"Mkono wangu haukubali kwenda kwake," alimwambia Nukta aliyesimama mlangoni. "Unataka homa tu. Mtoe kwenye hali hii, atakauka damu akiwa na blanketi."

Hakukuwa na haja ya kumtoa. Saa ya presi ilimtoa.

Saa kumi na moja na dakika kumi Nukta alirudi kwenye chumba cha kioo. Alikuta Meneja amekaa kwenye kiti chake, anaangalia ubao kwa kupitia dirishani.

"Bosi, hakuna jina lingine linalomwelezea. Ameumia. Hata ukimwita nini, kaumia."

"Mimi simkatazi kuumia."

"Unakataza neno."

"Nakataza neno," alikubali Meneja. "Kidole changu sikiweki kwa neno hilo. Tukianza na leo, kesho kila mtu ataumia."

Nukta alikitazama kidole hicho. Kilikuwa kinene, kizima, kucha imekatwa vizuri. Aliwaza kumshika mkono kwa nguvu akibandike. Alikuwa na nusu ya uzito wa Meneja na hakuwahi kushinda mieleka hata ya vidole gumba. Hata hivyo alijaribu. Meneja alikunja ngumi tu, akaiweka mfukoni, akamwacha avute mkono wa koti mpaka achoke. Hakukasirika. Alinyoosha koti.

"Umesahau moja," alisema. "Ile ya mwisho."

Nukta hakuwa ameisahau. Alikuwa anaizunguka tangu saa kumi. Kadi ya mstaafu haipokei ujumbe wa mashine yoyote. Presi ingetuma nne mpaka betri iishe na isimguse. Na tano ilikuwa bado tano. Yeye mwenyewe aliipigilia pale kwa uangalifu wake.

Alitoka kwenda getini. Mfuniko alikuwa amekaa chini kwenye kile kipande, mgongo kwenye mhimili, na geti linamzungusha taratibu kama mtoto kwenye bembea. Kila alipopita mbele ya Nukta alisema maneno machache, kisha akazungukia upande mwingine, wakasubiri arudi.

"Amekataa?"

"Amekataa, Mjomba."

Akazunguka.

"Nilijua. Mtu akiongea polepole vile hakubali kitu."

"Kuna tano. Kustaafu. Ukistaafu unatoka na hurudi tena humu."

Akazunguka. Aliporudi alikuwa amefumba macho.

"Kustaafu ni miaka sitini."

"Ndiyo."

"Mimi nina arobaini na tisa."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa hiyo ile kumi na moja ya katikati?"

Nesi alipitisha mkono kati ya nondo, akashika shingo ya Mfuniko, akaenda naye nusu mzunguko kwa kutembea pembeni kama kaa, huku anahesabu kimya.

"Amueni," alisema. "Hii ni ya nusu saa. Labda."

"Kwa hiyo nife kijana au niishi mzee," alisema Mfuniko.

"Arobaini na tisa si kijana."

"Wewe unaona hivyo kwa sababu una ishirini na sita." Alipotea, akarudi. "Ile miaka ningeitumia kugonga mifuniko. Mingi tu. Lakini na Jumapili zilikuwemo." Alipotea tena. Safari hii alichukua muda mrefu kidogo, au Nukta aliona hivyo. "Nilikuwa nataka kumwezekea mke wangu paa la jiko. Na harusi yako pia iko humo, kama una mpango."

"Sina mpango."

"Basi hiyo tumeokoa. Kaandike."

"Mjomba, neno lile nililifuta mimi. Si yeye. Yeye alinyoosha kidole tu."

Alikuwa ametaka kulisema hilo tangu saa tisa na nusu. Mfuniko alimtazama kwa muda wote wa kupita mbele yake.

"Najua kazi ya kila mtu humu ndani," alisema. "Kaandike, mpwa. Nasikia baridi."

Nukta aliandika tano saa kumi na moja na dakika thelathini na nane.

Mfuniko aliinuka, akashika nondo, akatoka. Ilikuwa hatua moja tu, na katika hatua hiyo nywele zilipanda weupe kutoka masikioni kwenda juu, mashavu yakashuka, goti la kulia likapata maumivu ya miaka minne. Aproni iliyokuwa imefungwa mkononi ililegea ikaanguka, kavu. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu na kovu refu, la zamani, laini, lililopauka. Nesi alilipapasa kwa kidole chake.

"Limeshonwa vizuri," alisema. "Sijui na nani."

"Na mimi sikumbuki," alisema Mfuniko. "Kitambo."

Wabeba machela walikunja machela yao. Mlinzi alimrudishia soda, ikawa imeisha gesi. Meneja alitoka kwenye chumba cha kioo, akampa mkono wa kulia, akamshukuru kwa miaka thelathini ya utumishi. Mfuniko akasema asante, akauliza kadi airudishe wapi.

Nyumbani mke wake alimfungulia mlango. Alimtazama kuanzia nywele hadi viatu, akatazama mkono. Akamwambia akanyage kwa uangalifu, kizingiti bado kina maji, amekiosha.

Wageni walikuja siku ya mia tano, wakapiga picha, kiwanda kikaendelea. Kufikia siku ya mia sita Nukta alikuwa ameshawastaafisha watu tisa. Kila mara kwanza alikwenda kwa Meneja na lile neno, limeandikwa, limepita kwenye kompaila, linangoja kidole tu. Kila mara Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Katika ripoti yake aliandika kwamba hakuna kiwanda chenye wastaafu wengi kama chake, na kwamba hiyo ni dalili ya watu kuipenda kazi.

Siku moja ya Jumanne, saa nne asubuhi, binti wa idara ya kung'arisha sufuria aliingia getini na mkono ulioungua mpaka begani. Alikuwa na miaka ishirini na tatu na miezi minane ya kazi. Wenzake walimwita Kengele kwa ajili ya kicheko chake. Nesi alimwagia maji kupitia kwenye nondo, akamtazama Nukta, akatikisa kichwa. Nukta akaenda kwa Meneja. Akarudi.

Alimweleza binti kila kitu, polepole, akimsubiri kila anapozungukia upande wa pili. Alimwambia ni miaka thelathini na saba. Hakumficha. Binti alisikiliza meno yameumana, machozi yanamtoka kwa maumivu, na alipopita mara ya tatu aliuliza swali moja.

"Mama yangu ana miaka arobaini na mbili. Nikifika nyumbani nitamwitaje?"

"Utamwita mama," alisema Nukta.

Binti alifikiria hilo kwa mzunguko mzima. Kisha akakubali kwa kichwa, na Nukta akaenda kuandika. Geti lilimwachia kwa hatua moja. Mlinzi alimshika kiwiko, akamsaidia kuvuka barabara, kwa sababu magari yalikuwa mengi na yeye alikuwa anatembea taratibu.